Imam Ghazali: Kutoka Dinari 500 Hadi Kirati 15

SIKU moja baada ya sala ya Isha alinijia kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwalimu wa chuo, ambaye kwa miaka sita amekuwa akiwasomesha watoto wetu Qurani na fiqhi. Alikuja kutaka shauri. Jamaa zake walioko Ghuba wamemtafutia kazi ya kutunza bohari ya duka kubwa, na mshahara wa mwezi mmoja wa huko unashinda anaoupata hapa kwa miezi minane. Ana mama mgonjwa, ana mke na watoto wawili, na ada za wanafunzi wake huja leo zikakosa kesho.

Alitaka nimjibu mambo mawili. Je, akienda, atakuwa ameiuza dini yake kwa dunia? Na akibaki, watoto wake watakula nini?

Sikuwa na jibu la kumpa usiku ule. Nilimwambia anipe nafasi hadi Ijumaa. Alipokwisha kuondoka nikakumbuka kwamba swali lake lilikwisha kumsumbua mtu mkubwa kuliko sisi sote, miaka zaidi ya mia tisa iliyopita, hata likamfunga ulimi na kumkatia chakula. Mtu huyo ni Imam Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu. Basi nikakaa siku zile nikiyapitia tena maisha yake, na niliyoyapata ndiyo ninayoyaeleza hapa kwa faida yangu na yako, mpenzi msomaji.

MTU WA KARIBU NASI

Jina la Imam Ghazali si geni hapa pwani. Nani miongoni mwetu aliyekaa darsani asiyemsikia sheikh akikitaja kitabu chake kikubwa, Ihya Ulumid-Din? Masharifu wa Hadhramaut, ambao wengi wao walihamia kwetu na kufungua madrasa, walikienzi kitabu hicho kupita kiasi, na mapenzi hayo wakaja nayo.

Zaidi ya hayo, Imam Ghazali alikuwa Shafii kama tulivyo wengi wetu. Kitabu chake cha fiqhi kiitwacho al-Wajiz ndicho alichokisherehesha Imam Rafii, na kutoka kwa Rafii mkondo ukafika kwa Imam Nawawi na kitabu chake cha Minhaj, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa tegemeo la wanachuoni wa pwani hii. Hivyo basi, mtu anayekwenda kwa kadhi kuulizia mirathi au talaka huenda anakunywa maji ya kisima kilichochimbwa na Imam Ghazali, naye hana habari.

Alizaliwa mwaka 450 wa Hijra, yaani 1058, kwa hesabu iliyozoeleka, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, ambako leo ni kaskazini-mashariki ya Iran. Wako wachunguzi wa siku hizi wanaoirudisha tarehe hiyo nyuma kwa miaka michache.

MTOTO WA MSOKOTA SUFI

Wanahistoria wamepokea kwamba baba yake alikuwa fakiri mchaji Mungu, akisokota sufi na kuiuza katika kiduka chake, wala hakula ila jasho la mkono wake. Hakujua kuandika, na jambo hilo lilimkera maisha yake yote. Alikuwa akihudhuria vikao vya maulamaa, akilia na kumwomba Mungu ampe mtoto mwenye elimu. Alijaliwa watoto wawili, Muhammad na Ahmad, lakini hakuishi kuiona elimu yao. Mauti yalipomkaribia aliwakabidhi kwa rafiki yake mmoja, mtu wa kisufi, pamoja na akiba yake ndogo, akamuusia awasomeshe hata kama fedha yote itakwisha.

Na kweli fedha ilikwisha. Yule rafiki alikuwa maskini mwenziwe, basi siku moja aliwaita wale watoto akawaeleza wazi kwamba amekwisha kuwatumia kila kilichokuwa chao, naye hana chake. Shauri aliloliona ni wajiunge na madrasa kama wanafunzi wa bweni, kwa kuwa huko wangepewa chakula na mahali pa kulala.

Msomaji, hapa nakuomba tusimame kidogo. Huyu aliyekuja kuitwa Hujjatul-Islam aliingia madrasa kwa ajili ya mkate. Na yeye mwenyewe hakulificha jambo hilo alipokuwa mtu mzima. Alikuwa akisimulia kwamba wao walianza kuitafuta elimu kwa sababu isiyokuwa ya Mwenyezi Mungu, lakini elimu yenyewe ikakataa kuwa ya yeyote ila Yeye. Mtu aliyepata kulala na njaa ndiye awezaye kusema maneno kama hayo bila ya kujisifu.

MAJAMBAZI NA MKOBA

Katika ujana wake alisafiri kwenda Jurjan kusoma, akaandika mafunzo ya walimu wake katika madaftari mengi. Alipokuwa akirudi Tus, msafara wao ulivamiwa na wanyang'anyi wakachukua kila kitu. Ghazali akawafuata nyuma. Mkubwa wao alimkemea arudi asije akauawa, lakini yeye akamsihi amrudishie mkoba wake tu, kwa kuwa ndani yake hamna cha kuwafaa wao, ni karatasi zenye elimu aliyoihangaikia. Yule jambazi alicheka. Alimuuliza vipi mtu atadai kuwa ana elimu, ikiwa mkoba ukichukuliwa elimu nayo huondoka? Kisha akaamuru arudishiwe.

Ghazali aliyachukua maneno yale kuwa ni onyo kutoka kwa Mungu lililopitia kinywani mwa mwizi. Alipofika Tus alikaa miaka mitatu akiyahifadhi yote aliyoyaandika, mpaka ikawa hata akiporwa tena hapotezi kitu. Lilikuwa somo lake la kwanza kuhusu mali: kwamba kilicho mkobani si chako bado.

BAGHDAD

Kutoka Tus alikwenda Nishapur kwa Imamul-Haramayn, Abul-Maali al-Juwayni, mwanachuoni mkuu wa Mashafii wa zama zile, akawa katika wanafunzi wake wa mbele. Juwayni alipofariki mwaka 478 wa Hijra, yaani 1085, Ghazali alikwenda katika kambi ya Nidham al-Mulk, waziri wa masultani wa Kiseljuki, aliyekuwa akiendesha dola pana mno. Waziri huyu alipenda wanachuoni. Ndiye aliyejenga zile madrasa zilizoitwa kwa jina lake, Nidhamiyya, zikiwa na waqfu wa kuwalisha wanafunzi na kuwalipa walimu. Ile ya Baghdad ilifunguliwa mwaka 1067.

Barazani kwa waziri walikusanyika maulamaa wakishindana kwa munadhara, na Ghazali aliwashinda. Mwaka 484 wa Hijra, 1091, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, alipewa kiti cha kusomesha katika Nidhamiyya ya Baghdad. Hapakuwa na cheo cha elimu kilichokuwa kikubwa kuliko hicho katika nchi zile. Wanafunzi waliokaa mbele yake walifika mia tatu. Makhalifa na mawaziri walimtaka shauri.

Na mali nayo ilikuja. Wamepokea wanahistoria kutoka kwa mtu wa Baghdad aliyemwona kwa macho yake, kwamba siku Ghazali alipoingia mjini, watu walizitia thamani nguo alizovaa na mnyama aliyempanda wakakuta ni dinari 500. Dinari ya kisheria ina uzani wa gramu nne na robo hivi za dhahabu. Piga hesabu mwenyewe: mtoto wa msokota sufi aliingia Baghdad akiwa amevaa na kupanda zaidi ya kilo mbili za dhahabu.

Miaka ile alifanya kazi kubwa ya kielimu. Aliwasoma wanafalsafa peke yake, bila ya mwalimu, katika saa alizoziiba kutoka kwa darsa zake, kisha akawajibu kwa kitabu chake mashuhuri cha Tahafut. Lakini katika Ramadhani ya mwaka 485, yaani 1092, Nidham al-Mulk aliuawa kwa kuchomwa kisu. Wiki chache baadaye Sultani Malik Shah naye akafa, na wana wa ufalme wakaanza kupigania kiti. Ghazali aliona jinsi dola iliyoonekana kama jabali ilivyopasuka kabla mwaka haujaisha.

ULIMI ULIPOFUNGWA

Sasa nafika pale ambapo kijana wangu alinipeleka.

Imam Ghazali ameyaandika haya mwenyewe katika kitabu kidogo cha maisha yake, al-Munqidh. Anaeleza kwamba alikaa akaitazama hali yake, akaiona imezingwa na mafungamano ya dunia kila upande. Akaitazama kazi yake iliyo bora zaidi, nayo ni kusomesha, akaona kwamba hata hiyo haikuwa kwa ajili ya Mungu. Kilichokuwa kikimsukuma ni kutafuta cheo na sifa zake zienee. Akajiona amesimama kwenye ukingo wa shimo linalomeguka.

Tangu Rajab mwaka 488, yaani Julai 1095, alikaa karibu miezi sita akivutwa huku na huku. Asubuhi huazimia kuondoka Baghdad, jioni azma huvunjika. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Upande mmoja ulimwambia kwamba umri umebaki mdogo na safari ni ndefu. Upande wa pili ulimwambia kwamba hali hii itapita, na kwamba akikiacha kiti hiki chenye heshima na raha, nafsi itakuja kukitamani tena wala hatakipata.

Mwisho Mwenyezi Mungu alimkatia shauri kwa njia asiyoitazamia. Ulimi wake ulifungwa. Alijilazimisha kusomesha siku moja tu ili awaridhishe waliokuja kumsikiliza, lakini hata neno moja halikutoka. Huzuni ile ikashuka moyoni, ikamharibia tumbo. Maji hayapiti kooni, chakula hakisagiki. Matabibu walikuja wakamtazama, wakainua mikono. Walisema maradhi yake yameanzia moyoni ndipo yakaenea mwilini, na dawa haitafaa mpaka moyo wenyewe utulie.

Nilipokuwa kijana nilikisoma kisa hiki nikidhani ni cha mtu aliyechukia pesa. Nilipokisoma safari hii niliona kwamba sivyo. Ghazali hakulalamika kwamba mshahara ulikuwa haramu, wala kwamba kusomesha ni kazi mbovu. Kazi ilikuwa njema, mshahara ulikuwa halali, na bado mtu alikuwa akifa ndani. Kilichomuua ni kwamba alipojiuliza anasomesha kwa ajili ya nani, jibu alilolipata lilimtisha.

ALIVYOONDOKA

Alipoona hana hila, alimgeukia Mola wake kama mwenye dhiki, na moyo ukawa mwepesi kuyaacha yale yaliyokuwa mazito: cheo, mali, watoto na marafiki. Akatangaza kuwa anakwenda Hija, na huku ndani ya moyo wake amekusudia Sham na kutorudi. Aliogopa khalifa na wakubwa wasije wakamzuia. Katika Dhulqaada ya mwaka 488, Novemba 1095, akatoka. Ndugu yake Ahmad alikaa mahali pake akasomesha kwa niaba yake.

Watu walizungumza sana. Baadhi walidhani amewakimbia watawala. Wengine, waliokuwa karibu na wakubwa na kuona jinsi walivyokuwa wakimng'ang'ania naye akiwakwepa, walisema ni jicho baya limeupata Uislamu. Miongoni mwa maulamaa wa Iraq hakukuwa na hata mmoja aliyeweza kuamini kwamba mtu anaweza kukiacha kiti kile kwa sababu ya dini, kwa kuwa wao walidhani kiti kile ndicho kilele cha dini.

Kuhusu mali yake, alifanya jambo ambalo waadhi wengi hulipita haraka, nami naomba tulitazame vizuri. Aliigawa mali aliyokuwa nayo, lakini hakuigawa yote. Aliweka kiasi cha kumtosha yeye na chakula cha watoto wake. Na akalitolea hoja ya kifakihi: kwamba mali ya Iraq ni waqfu kwa ajili ya Waislamu, hivyo ni halali itumike kwa maslahi yao, na hakuna mali aliyoiona inafaa zaidi mwanachuoni kuichukua kwa ajili ya ahali zake. Hata katika saa ile ya moto, alikaa na karatasi akahesabu watoto watakula nini.

KIRATI 15

Alikaa Sham muda ulio karibu ya miaka miwili. Katika Damascus alikuwa akipanda kwenye mnara wa msikiti mkuu wa Banu Umayya, anajifungia mlango, anakaa humo mchana kutwa. Kisha akaenda Baitul-Muqaddas, akawa akijifungia katika Qubba ya Jabali. Mwaka 489, yaani 1096, alisimama penye kaburi la Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake, katika mji wa Khalil, akaweka ahadi tatu: hatakwenda tena kwa sultani yeyote, hatachukua mali ya sultani yeyote, wala hatashindana tena katika munadhara. Kisha akahiji na kumzuru Mtume, rehema na amani zimshukie.

Baadaye aliingia tena Baghdad, akiwa njiani kurudi kwao. Na yule yule mtu wa Baghdad anatuambia kwamba safari hii pia watu walizitia thamani nguo zake. Zilikuwa kirati 15. Dinari moja ni kirati 20 au 24, inategemea nchi, kwa hivyo mavazi yake yote hayakutimia dinari moja.

Watu wa Baghdad waliona mtu aliyefilisika. Lakini ndani ya mkoba wake mlikuwa na sura za Ihya.

ALIVYOIELEZA PESA

Ihya ina vitabu arobaini vilivyogawanywa kwa robo nne: ibada, desturi za maisha, mambo yenye kuangamiza, na mambo yenye kuokoa. Aliyoyasema humo kuhusu pesa yanawashangaza hata wasomi wa uchumi wa leo.

Katika kitabu cha subira na shukrani anaeleza kwamba dhahabu na fedha hazina faida kwa dhati yake. Huwezi kuzila wala kuzivaa zikakukinga baridi. Mungu ameziumba ziwe hakimu baina ya vitu, ili mwenye ngamia na mwenye zafarani waweze kujua kila kimoja kina thamani gani. Zinafanana na kioo, ambacho chenyewe hakina rangi lakini huonyesha rangi zote. Basi mtu anayezirundika na kuzifungia ni kama aliyemkamata hakimu wa Waislamu akamtia gerezani, hata watu wakakosa wa kuwahukumia. Na anayezifanyia vyombo vya kulia ni kama aliyemchukua liwali wa mji akampa kazi ya kufuma nguo au kufagia.

Katika kitabu cha kulaumu ubahili na mapenzi ya mali anaipigia mali mfano wa nyoka, ambaye ndani yake mna sumu na mna dawa. Ajuaye huitoa dawa, asiyejua humwua. Wala hakusema nyoka auawe. Na katika robo ya pili ameweka kitabu kizima cha adabu za kuchuma riziki, akiihesabu biashara ya mtu anayeilisha familia yake na kujizuia na kuombaomba kuwa katika njia ya Akhera, ikiwa nia imetengenea na dhulma imeepukwa.

Kwa hivyo wanaodhani Ghazali aliwaita Waislamu waache kazi wakae misikitini wakingoja sadaka, hawakumsoma. Hakika alikuwa mkali kwa yule anayekula kwa jina la dini, akionyesha uchaji ili watu wampe.

ALIVYORUDI

Maombi ya watoto wake ndiyo yaliyomrudisha nyumbani Tus, naye amelikiri jambo hilo. Alitamani upweke, lakini shughuli za ahali na haja za maisha zikawa zinamkatia upweke wake, naye akivumilia.

Miaka kumi na moja baada ya kuondoka Baghdad, katika mwaka 499 wa Hijra, yaani 1106, waziri Fakhr al-Mulk, mtoto wa yule Nidham al-Mulk, alimshikilia akasomeshe katika Nidhamiyya ya Nishapur. Watu walishangaa. Amerudi kulekule alikokimbia! Naye akajibu kwamba hata ikionekana amerudi, hakurudi. Zamani alikuwa akieneza elimu inayomchumia mtu cheo, na hiyo ndiyo ilikuwa nia yake. Sasa anaita kwenye elimu ya kukiacha cheo.

Yupo shahidi wa mabadiliko hayo. Mwanahistoria Abdul-Ghafir al-Farisi wa Nishapur alimjua Ghazali katika ujana wake, akamwona ni mtu mwenye kiburi, akiwadharau watu kwa sababu ya ufasaha na akili aliyopewa. Aliporudi na vazi la unyenyekevu, Abdul-Ghafir hakumwamini, alidhani ni maigizo. Alimzuru mara nyingi akimchunguza, na mwisho akakiri kwamba dhana yake ilikuwa potofu, na kwamba mtu yule amepona kweli baada ya wazimu.

Hakukaa sana Nishapur. Alirudi Tus, akajenga karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na zawia ya masufi, akaugawa wakati wake baina ya kuhitimisha Qurani, kukaa na watu wa moyo na kusomesha. Mwaka 504 kiti cha Baghdad kilikuwa wazi, akaandikiwa barua aje akishike tena. Alikataa. Katika udhuru wake alizitaja zile ahadi za Khalil, akawataja wanafunzi wapatao mia moja na hamsini walio mbele yake pale Tus, akaitaja na familia. Na akaeleza kwamba ana kishamba kidogo hapo kwao, ambacho kwa kubana matumizi kinamtosha yeye na watoto wake. Lakini Baghdad hana kitu, wala hataki kula mshahara wa sultani.

Alifariki alfajiri ya Jumatatu, mwezi 14 Jumadal-Akhir mwaka 505, yaani Desemba 18, 1111. Ndugu yake Ahmad anasimulia kwamba alitawadha akasali, akataka aletewe sanda yake, akaibusu na kuiweka machoni, kisha akanyoosha miguu, akaelekea kibla, na roho ikatoka kabla jua halijapanda. Aliacha mabinti. Abdul-Ghafir anatuambia kwamba kwa urithi na uchumi wake alikuwa na kinachomtosha yeye na watu wa nyumbani kwake. Aliletewa mali nyingi akazikataa, wala hakupata kunyoosha mkono kwa mtu.

IJUMAA

Kijana alikuja baada ya sala kama tulivyoagana. Sikumpa fatwa, kwani mimi si mufti. Nilimsimulia haya niliyokusimulia wewe, kisha nikamwambia mawili niliyoyaona.

La kwanza, asijione muovu kwa kuwahesabia watoto wake chakula. Imam Ghazali alihesabu kabla ya kuondoka, na alipokuwa kwao alilima. La pili, kwenda au kubaki hakutamponya, kwa sababu Imam aliugua akiwa juu ya kiti cha elimu, si dukani. Ajiulize, atakapokuwa katika bohari ya watu anafanya kwa ajili ya nani, na ajiulize hivyo hivyo anapokaa mbele ya watoto chuoni. Na kama atakwenda, afanye kama Imam: aandike kiasi kinachotosha ni kiasi gani, kabla hajapanda ndege. Asiyeandika kinachotosha, hatakifikia hata akipewa kisima cha mafuta.

Alitoa kalamu pale pale. Tuliandika matibabu ya mama yake, bati za paa, deni la duka, na akiba ya kumwezesha kukaa mwaka mmoja bila ya kutegemea ada. Jumla yake ilikuwa kama mishahara ya miaka miwili ya huko. Akasema chuo atamwachia ndugu yake mdogo, ambaye amehitimu.

Karatasi aliyoiandikia aliichomoa katika daftari lake la ada. Alipoligeuza nikaliona jina la mjukuu wangu, na mbele yake miezi mitatu mitupu. Yeye hakusema neno, akalifunga upesi kama aliyeona aibu kwa niaba yangu. Mimi niliyekaa siku zile nikisoma jinsi hakimu anavyofungwa gerezani, nilikuwa nimemfunga wangu sandukuni, si kwa uhitaji, ila kwa uzembe wa mtu anayejua kwamba mwalimu hatadai.

Nililipa miezi yote mitatu jioni ile ile, na tangu hapo nalipa mwanzo wa mwezi. Kijana ameondoka. Ndugu yake anasomesha, na ninapopita Alasiri nasikia sauti za watoto. Daftari nalo sasa liko kwake. Ewe mzazi unayesoma haya, nenda ukatazame jina la mwanao.